Viazi Ndani ya Majivu

Kengele ya mwisho ililia asubuhi, wazazi wakalia nayo.
Jioni tukashuka chumba cha tanuri, chini ya shule,
maana Mei inakwisha na theluji bado imekalia milima,
na mchochea makaa alituachia ufunguo
akaenda zake kunywa.

Tulikuwa saba. Riboni nyeupe zimekwisha kushika masizi.
Naryn, mji wetu, ni barabara moja ndefu
na mto mmoja wenye hasira;
anayeondoka hufuata kimojawapo.

"Haya, semeni," Nurzada akasema, akifukia viazi.
"Kila mtu anakwenda wapi. Asiyesema hapati kiazi."

Akaanza mwenyewe: uuguzi, Bishkek, miaka mitatu,
atalala jikoni kwa shangazi
baina ya jokofu na cherehani.
Bektemir: Uturuki, kusomea utalii.
Kituruki chake amekiokota katika tamthilia za bibi:
mpenzi wangu, kisasi, daktari amefika.
"Yatatosha," akasema, "watalii wote ni wagonjwa."

Meerim anaolewa Agosti.
"Lakini nitasoma, nitasoma nikiwa nyumbani, wameahidi."
Tulinyamaza kwanza, ndipo tukampongeza,
kwa mpangilio huo, naye aliusikia.

Syimyk kafeli kemia; atabaki kurudia.
"Nitawawekea joto," akasema, akipiga tanuri kofi.
Na Kanykei, wa kwanza darasani tangu tuko wadogo,
akasema hajui. Hajui tu.
Tukampa kiazi kikubwa kuliko vyote.

Ikabaki zamu ya Temirlan, pacha wangu.
"Mimi na vitabu tumepeana talaka," akasema.
"Naenda Urusi kwa mjomba, kupaka rangi kuta za watu."
Wakacheka. Alikuwa amelipanga wacheke.
Siku ya mtihani wa taifa si alilala hadi saa nne?
Si mji mzima ulisikia mama akimwamsha kwa ufagio?

Nami nikasema: uhandisi wa maji.
Wakanipigia makofi, majivu yakaruka.

Sikusema kwamba mwezi Machi
mama alimwaga fedha za farasi juu ya mfarishi,
akazihesabu, akazihesabu tena,
akaketi katikati yake kama aliyemwaga maziwa.
Za mtoto mmoja.
Sikusema kwamba katika mtihani wa majaribio
alama zake zilizidi zangu kwa kumi na tisa,
na karatasi yake ndiyo tuliyowashia jiko.
Sikusema nilichokiona asubuhi ile,
nilipofunua blanketi kabla ya mama na ufagio wake:
amefumba macho, anakoroma vibaya, mwigizaji hafifu,
na viatu vyake miguuni,
kamba zimefungwa,
matope mabichi ya njia ya shuleni kwenye soli.
Alikwenda hadi langoni, akarudi.

Nikamrudishia blanketi.
Nikaenda kufanya mtihani.
Hilo nalo ni jambo nililolifanya.

Moto ulipopungua, wengine wakabishania chumvi,
nikachukua kijiti, nikachora mfereji kwenye majivu:
chanzo huku, mashamba kule,
ili niwe na kitu cha kutazama kisicho uso wake.
Temirlan akainama begani kwangu.
"Maji yako yatapanda mlima," akasema polepole.
Akafuta mstari kwa kidole gumba,
akauchora upya, mteremko mdogo tu, karibu usionekane,
akapuliza vumbi pembeni
kama anayepuliza uso wa mtoto aliyelala.

Kisha akakumbuka. Akaukanyaga mchoro wote
na kuuliza kwa sauti nani kaiba kiazi chake.

Changu kilikuwa kimeungua nje, kibichi ndani.
Asiyesema hapati, ilikuwa ndiyo sheria.
Nikakila chote, na ganda lake.